Uzio ndio uamue mbegu ya kuku, si sifa za mwuzaji

MTEJA anayeingia soko la Kisutu au Shekilango jijini Dar es Salaam kutafuta kuku wa kufuga, si wa mchuzi, husikia neno moja kabla ya kutajiwa bei: mchangamfu. Mwuzaji humtoa ndege kwenye tenga, humwinua, humwacha apige kelele kidogo, kisha husema, "Mama, huyu mchangamfu, tazama macho yake." Kuku aliyetulia hubaki ndani ya tenga hadi jioni na mara nyingi huishia kwa mama lishe. Anayerukaruka huondoka mapema, tena kwa bei ya juu.

Neno hilo limewagharimu watu wengi wenye mitaji midogo. Mstaafu aliyetenga sehemu ya kiinua mgongo, mama mwenye duka anayetaka mradi wa pili, kijana aliyepata nafasi nyuma ya nyumba ya wazazi: wote huanza kwa kuzungushia uzio eneo la uani, kisha huenda sokoni kununua uchangamfu. Baada ya miezi sita baadhi yao hubaki na uzio, mifuko mitupu ya chakula na kuku wachache wanaotaga kwa kudra za Mwenyezi Mungu.

Kosa halianzii kwenye kuku, bali kwenye mpangilio wa kazi. Mbegu huchaguliwa kwanza na uzio hufuata, wakati hesabu ya biashara inadai kinyume chake. Mwenye uzio ana aina moja ya mradi, asiye na uzio ana mradi mwingine kabisa, na kuku anayemtajirisha mmoja anaweza kumfilisi mwenzake.

Uchangamfu wa aina tatu

Mwuzaji anaposema kuku ni mchangamfu, anaweza kuwa anasema mambo matatu tofauti, na kila moja lina thamani yake.

La kwanza ni afya. Kuku mzima ana macho maangavu, pua kavu, upanga mwekundu na manyoya yaliyolala vizuri. Hukimbilia chakula kinapomwagwa na kinyesi chake hakishikamani nyuma. Uchangamfu huu ni lazima kwa kila mbegu, na mnunuzi hapaswi kuulipia ziada. Ni sawa na mnunuzi wa gari kutozwa nyongeza kwa sababu gari lina magurudumu.

La pili ni bidii ya kutafuta. Kuna kuku ambao tangu alfajiri huparura, hufukua wadudu na kuokota nafaka na majani. Bidii hii ni mali kubwa pale penye kitu cha kuokota. Kijijini Singida au Shinyanga, ambako kuku huzunguka mashamba na mazizi kutwa nzima, ndiyo mtaji wenyewe wa ufugaji.

La tatu ni wepesi wa kushtuka, kuruka na kupigana. Kwa mgeni wa biashara hili hufanana na lile la pili, lakini ndani ya uzio ni hasara tupu. Kuku wa namna hii huruka uzio, hutaga kwa jirani, huumiza wenzake na hutumia kwa kukimbia nguvu ambayo ingetengeneza yai.

Mfanyabiashara anayetenganisha mambo haya matatu huwa tayari amefanya nusu ya kazi ya kuchagua mbegu.

Hesabu ya mfuko mmoja

Sifa kubwa ya kuku wa kienyeji ni kwamba hagharimu sana. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ina sharti lisilosemwa sokoni. Hagharimu kwa sababu anajilisha mwenyewe. Siku anapozungushiwa uzio, chakula chote kinatoka mfukoni mwa mwenyewe, na hapo hesabu inageuka.

Chukua mfano wa kawaida. Mtetea wa kienyeji hutaga mizunguko mitatu au minne kwa mwaka, mayai 10 hadi 15 kila mzunguko, kisha huatamia na kulea. Kwa makadirio ya juu kidogo ya katikati hayo ni mayai 50 kwa mwaka. Ndani ya uzio, akila gramu 90 kwa siku, atamaliza kilo 33 hivi za chakula kwa mwaka. Trei moja ya mayai 30 itakuwa imemeza karibu kilo 20 za chakula. Kwa maneno mengine, mfuko wa kilo 50 unarudi kama trei mbili na nusu tu.

Kuku mzito wa mayai na nyama, wa aina ya Malawi, akila gramu 125 kwa siku na kutaga mayai 200 kwa mwaka, atatumia chini kidogo ya kilo 7 kwa trei. Mfuko ule ule unarudi kama trei saba.

Kuku wa kisasa wa mayai, anayekula gramu 115 na kutaga mayai 280, anatumia kilo nne na nusu kwa trei. Mfuko wake unarudi kama trei 11.

Bei za chakula na mayai hubadilika, lakini mfano huu unabaki. Mwenye mradi achukue bei ya mfuko ya wiki hii na bei ya trei ya wiki hii, kisha aone ni trei ngapi zinazolipa mfuko mmoja. Kama jibu ni zaidi ya mbili na nusu, kuku wa kienyeji aliyefungiwa na kulishwa chakula cha dukani anamlisha mwuza chakula, si mwenye mradi. Yai la kienyeji huuzwa ghali zaidi, lakini tofauti hiyo ya bei haiwezi kuziba pengo la karibu mara tatu ya chakula.

Hii haina maana kwamba kuku wa kienyeji ni mbegu mbaya. Ana uvumilivu, nyama yake inatafutwa na silika yake ya kuatamia haina mfano. Maana yake ni kwamba aliyempeleka ndani ya uzio amemnyang'anya mtaji wake na kumwachia madeni.

Wanaotajwa sokoni

Jina "kienyeji" linafunika kuku wa aina nyingi, na ni vizuri mnunuzi ajue anaonyeshwa nani.

Kuchi ndiye anayevuta macho kwanza. Ni mrefu, amesimama wima, upanga wake ni mfupi, mdomo mnene uliopinda, na jogoo wake anaweza kuwa na uzito unaozidi majogoo wengine wote wa kienyeji. Yuko Zanzibar, pwani ya Tanzania na Kenya, na Kanda ya Ziwa. Nasaba yake inahusishwa na kuku wa kupigana wa Asia, na damu hiyo haijapoa. Majogoo wawili wa Kuchi ndani ya uzio mmoja ni msiba uliopangiwa tarehe. Mitetea yake hutaga mayai machache. Kuchi ana soko lake, tena zuri, kwa wanaotafuta mbegu na majogoo ya fahari. Asiye na wateja wa namna hiyo amwache.

Ching'wekwe, anayejulikana Morogoro na kanda ya kati, ni mdogo na mwenye miguu mifupi. Hula kidogo, lakini mwili wake mwepesi hauoni taabu kupaa. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, hufaa sana maeneo ya joto kama Pwani na Dar es Salaam kwa sababu hupoteza joto la mwili kwa urahisi zaidi. Mwenye kutaka kuchanganya damu kwa ajili ya joto asimdharau kwa sura yake.

Kwa upande wa kuku wa kigeni, Leghorn, aliyepewa jina la bandari ya Livorno nchini Italia, ndiye baba wa kuku wengi wa kisasa wanaotaga mayai meupe. Ni mwepesi, mwenye haraka na hodari wa kutaga, lakini pia ni hodari wa kuruka na hushtuka kwa mlio wowote. Aliyejenga banda la kufungia kabisa anaweza kumtumia. Mwenye uzio wa wavu usiofunikwa juu atatumia jioni zake kumtafuta kwenye mapaa ya majirani.

Rhode Island Red, kuku mwekundu wa Marekani, hutaga mayai ya kahawia, ana mwili wa nyama na hatoki nje ya uzio kirahisi. Majogoo yake yana ukali kiasi, lakini jogoo mmoja kwa mitetea 10 hana wa kugombana naye.

Na yuko yule ambaye masoko ya Tanzania humwita kuku wa Malawi. Jina lake la asili ni Black Australorp. Alitengenezwa Australia kutokana na kuku weusi wa Orpington wa Uingereza, na alipata jina la Malawi kwa sababu serikali ya nchi hiyo ilimsambaza kwa wafugaji wa vijijini kwa miaka mingi. Katika mashindano ya Australia ya mwaka 1922 hadi 1923, mitetea sita ya mbegu hii ilitaga mayai 1,857 kwa siku 365, wastani wa mayai zaidi ya 309 kila mmoja. Hao walikuwa teule wa teule. Mfugaji wa uani apige hesabu ya 200 na ashukuru yakizidi.

Tabia ya kuku huyu ndiyo inayomfaa mwenye uzio. Ni mchangamfu kwa maana ya pili, si ya tatu. Anaparura, anakimbilia majani, anatembea uani kutwa, lakini mwili wake ni mzito kwa kuruka na hana hofu ya mtu. Mitetea kadhaa huatamia, na majogoo ya miezi mitano yana nyama ya kuuzika.

Wayo kama cheti

Umaarufu wa kuku wa Malawi umeleta mchezo wake. Kila kuku mweusi aliyeshuka kwenye lori sasa anaitwa Malawi. Rangi nyeusi peke yake si ushahidi, kwa maana weusi wamo hata katika kuku wa kienyeji wasiowahi kuonana na Australorp.

Mnunuzi aangalie mambo manne. Manyoya yawe meusi yenye mng'ao wa kijani juani. Upanga uwe mmoja, uliosimama, wenye meno. Miguu iwe ya kijivu iliyokolea au nyeusi. Kisha mguu ugeuzwe: wayo wa Australorp halisi ni mweupe wenye uwekundu kidogo. Wayo wa njano ni dalili ya damu nyingine. Kuku chotara anaweza kuwa kuku mzuri kabisa, lakini asilipiwe bei ya mbegu halisi, na asitegemewe kuzaa watoto wa namna moja.

Mchezo mwingine ni wa mayai. Wauzaji husema kiini cha njano kilichokolea ni alama ya kuku wa kienyeji. Rangi ya ganda hutokana na mbegu, lakini rangi ya kiini hutokana na chakula. Kuku yeyote, hata wa kisasa, akipewa mchicha, mabaki ya mboga na mahindi ya njano, kiini chake kitakolea. Mfugaji wa Malawi anayelisha majani kila siku anaweza kuuza yai linalopendwa na mteja bila kudanganya kuhusu mbegu. Amweleze mteja kwamba kuku wake wanakula majani, maana huo ndio ukweli, na unalipa.

Vifaranga wa chotara

Kundi la tatu sokoni ni machotara wanaotengenezwa na makampuni: Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa. Wote wawili walijaribiwa kwa wafugaji wadogo wa Tanzania katika mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo katika miaka ya 2010. Hukua haraka kuliko kuku wa kienyeji, huokota, na bei yao sokoni ni nzuri. Mwenye lengo la nyama hawezi kuwapuuza.

Lakini mwekezaji mdogo aelewe ananunua nini. Ubora wa chotara umo katika kukutana kwa koo mbili zilizotunzwa na kampuni. Akiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, watoto hutoka mchanganyiko: mmoja mkubwa, mwingine mdogo, mmoja anataga, mwingine anakula tu. Kwa hiyo huyu ni kuku wa mkupuo. Anunuliwe, akuzwe, auzwe, kisha mwenye mradi arudi tena kwa wakala kununua vifaranga. Bei ya kifaranga ikipanda, au wakala akikosa, mradi husimama.

Na si kila kifaranga kinachouzwa kina njia halali. Tanzania ilizuia uingizaji wa vifaranga kutoka nje kwa hofu ya mafua ya ndege katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoletwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto Namanga. Tukio lile lilizusha mjadala mrefu pande zote mbili za mpaka. Kwa mwenye mtaji mdogo fundisho lake ni fupi: kifaranga kisicho na karatasi ni mtaji usio na mwenyewe. Adai stakabadhi yenye jina la mtotoleshaji na tarehe ya chanjo.

Mbegu halisi, kama Australorp na Rhode Island Red, hukua taratibu zaidi. Faida yake ni kwamba kifaranga hufanana na mama yake. Mfugaji akibadilisha jogoo kila baada ya mwaka mmoja au miwili ili kuepuka kuzaana ndugu kwa ndugu, mradi unajiendesha wenyewe. Kwa mtu asiye na fedha ya kununua vifaranga kila msimu, uhuru huo una thamani kuliko wiki chache za kukua haraka.

Uzio wenyewe

Mbegu nzuri ndani ya uzio mbaya hufanana na mbegu mbaya. Jambo linaloua miradi mingi ya uani ni idadi. Eneo la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Kila kuku akipewa mita mbili za mraba za kutembea, hapo panatosha kuku 20 na ziada kidogo. Mwenye tamaa huweka 60. Ndani ya miezi miwili majani yamekwisha, udongo umekuwa tope la kinyesi, na kuku wale wale waliosifiwa kwa uchangamfu wameanza kudonoana hadi damu. Kuku mwenye bidii asipopata cha kuparura hupata mgongo wa mwenzake.

Eneo ligawanywe mara mbili, kuku watumie upande mmoja huku mwingine ukipumzika na kuota majani. Hilo hupunguza pia minyoo na ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga. Fungu la mchicha lililotundikwa juu kidogo ya kichwa cha kuku huwapa kazi ya kutwa nzima kwa fedha kidogo. Shimo la majivu na mchanga mkavu la kuogea hupunguza utitiri na chawa.

Kwa kuku wazito wavu wa mita moja na nusu unatosha. Kwa wepesi hata mita mbili si dhamana. Anayeruka akatwe manyoya marefu ya bawa moja tu, si mawili, ili akose mizani. Manyoya hayo huota tena baada ya kujinyonyoa, na kazi hurudiwa. Chini, wavu ufukiwe sentimita 30 ili nguchiro na kicheche wasichimbe. Banda la kulala lihesabiwe kuku wanne kwa mita moja ya mraba, fito za kulalia ziwepo, na kiota kimoja kwa mitetea mitano.

Juu, adui mkubwa wa vifaranga Dar es Salaam na Zanzibar ni kunguru, uzao wa wale walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Hapa ndipo kuku wa kienyeji anaporudi kwa heshima zake zote. Mitetea miwili au mitatu ya kienyeji ndani ya kundi la Malawi hufanya kazi ya mashine ya kutotolesha isiyotumia umeme: huatamia mayai ya wenzake siku 21, huongoza vifaranga na humkabili kunguru uso kwa uso. Wawili watatu kwa kazi hiyo wanalipa chakula chao. Ishirini wa kutaga tu hawalipi.

Kabla ya kununua hata msumari, mwenye mradi apite ofisi ya kata kuuliza sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo mjini. Uzio uliojengwa kwa fedha na kubomolewa kwa amri hauna bima.

Mdondo husafiri ndani ya tenga

Jambo la mwisho ndilo linalofuta mitaji kwa siku tatu. Mdondo hauangalii mbegu. Unaua Malawi, Kuchi, Sasso na kienyeji, na mara nyingi hushika kasi wakati wa kiangazi.

Wazoefu wa soko wanajua dalili isiyoandikwa kwenye kitabu. Kuku wengi wakishuka ghafla kutoka upande mmoja, na bei ikaanguka bila sababu ya msimu, huenda huko walikotoka watu wanauza kabla hawajafa. Mnunuzi wa mchuzi anafurahia. Mnunuzi wa kufuga anapaswa kurudi nyumbani mikono mitupu. Virusi vya mdondo vinaweza kukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili, mara nyingi siku tano au sita. Kuku anayerukaruka Jumamosi sokoni anaweza kupinda shingo Alhamisi uani. Uchangamfu wa siku ya kununua hauthibitishi kitu.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika biashara kamba hiyo ni karantini. Kila anayeingia atengwe wiki mbili, mbali na wenzake, na vyombo vyake. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na inayostahimili joto kuliko zile za zamani, ni tone moja katika jicho, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko ya yai moja analotaga. Hakuna uwekezaji mwingine uani wenye faida inayokaribia hiyo, na bado ndio unaorukwa kwanza fedha inapopungua.

Msimu na bei

Mwenye uzio wa kuku 20 hawezi kushindana na mashamba makubwa kwa bei ya trei. Hapo ndipo hoja ya kuku wa kisasa wa mayai inapokwama, ingawa mfuko wake unarudi trei 11. Hutaka chakula kamili bila kukatisha, wakizeeka huuzwa kwa bei ya chini, na kundi zima hununuliwa upya kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mwenye wateja wa mayai tu, na fedha ya kununua chakula bila kukosa, anaweza kumchagua bila kulaumiwa. Wengine watafute faida kwenye kuku hai anayependwa na wapishi wa nyumbani, na kuku huyo ana tarehe zake.

Majogoo ya Malawi au Rhode Island Red yanayolengwa Krismasi na Mwaka Mpya yanapaswa kutotolewa Juni au Julai, ili yafike miezi mitano au sita bei inapopanda. Hayo hukua katikati ya kiangazi, msimu wa mdondo, kwa hiyo chanjo ya Septemba ndiyo inayolinda mauzo ya Desemba. Idi husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na mwenye kalenda huanza kutotolesha kwa kuifuata, si kwa mazoea ya mwaka jana. Mitetea michanga huachwa itage. Mizee huuzwa kabla haijaanza kula bila kurudisha.

Kwa hiyo mwenye uzio wa kawaida, mtaji mdogo na nia ya kudumu, aanze na mitetea 15 ya Malawi halisi au Rhode Island Red, majogoo mawili yaliyotengwa, na mitetea mitatu ya kienyeji ya kuatamia. Asinunue wote siku moja wala kwa mwuzaji mmoja asiyemjua. Mwuzaji akimwinua kuku na kusema ni mchangamfu, mnunuzi aitikie kwa adabu, kisha aombe kuuona wayo.